Kiganja Kabla ya Kipimajoto

Claudine, siku niliyokukabidhi aproni yangu uliniuliza kama kuna jambo sijakuambia. Nilikujibu hakuna, kwa sababu lori la kuku lilikuwa limeshafika na dereva alikuwa anapiga honi. Yapo, tena mengi. Sasa ninakaa nyumbani Buyenzi, mume wangu Juma ananizunguka na kunitazama kama mgeni aliyepitiliza siku za kukaa, basi nimepata nafasi ya kuyaandika. Wasomee na wenzako wa mlango wa nyuma wa duka, hasa wale wanaodhani kupokea kuku ni kusaini na kubeba.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimeomba kazi ya kukaa kwenye meza ya malipo, nikiwasalimu wateja na kunukia manukato, na hakuna aliyeniambia kwamba nafasi iliyobaki ni ya kupokea nyama. Mzee Rajabu, mkata nyama wa duka wakati huo, aliviangalia viatu vyangu. Kisha akaniletea buti za mpira za mwanamume, kubwa kiasi kwamba nilipopiga hatua mguu ulitangulia na buti likafuata. Akafungua sanduku la kuku, akainua bawa la wa kwanza na kunionyesha pale chini yake.

"Weka pua, mutoto," aliniambia. "Pua kwanza. Macho itakuja nyuma."

Nilidhani ananichezea, kama wanavyofanyiwa wageni kazini. Hakuwa anacheza. Chini ya bawa ndipo kuku anapoanza kuharibika, kwa sababu ngozi imekunjana na ubaridi unachelewa kufika. Kwa macho kuku anaweza kuwa mzuri kama wa harusi na chini ya bawa ameshaondoka zamani. Nilinusa kuku wote wa sanduku lile, na jioni sikuweza kula. Juma husema mpaka leo kwamba alioa mwanamke anayenusa kwapa la kuku kabla ya kumsalimu mumewe. Ni kweli, na mara moja ilituokoa kwenye harusi ya binamu yake, ingawa hakunishukuru.

Mzee Rajabu alinifundisha kwa mikono kuliko kwa mdomo. Alikipitisha kidole changu juu ya ngozi ya kuku ili nijue unyevu wa maji na utelezi wa uharibifu, ambavyo kwa macho vinafanana. Alinionyesha jinsi ya kuchoma sindano ya kipimajoto kwenye paja, pale penye nyama nene, bila kugusa mfupa, kwa sababu mfupa una joto lake, si la nyama. Na kila asubuhi, kabla ya chai, tulikitumbukiza kipimajoto chenyewe kwenye kikombe cha barafu na maji. Kisiposema sifuri, hakina haki ya kumhukumu mtu siku hiyo. Fanyeni hivyo mpaka leo, Claudine. Kipimajoto kinachodanganya kinamnyima mtu chakula au kinampa mtu ugonjwa, na hakuna atakayejua.

Mzee Rajabu hakuwa mkali, ila madereva walimwogopa. Wakati mmoja wa shida ya mafuta, lori lilikaa kwenye foleni ya kituo cha petroli tangu alfajiri, mashine ya baridi imezimwa ili kubana mafuta. Lilipofika kwetu jua lilikuwa kichwani. Dereva akaapa kwamba kuku walikuwa baridi kabisa asubuhi. Mzee Rajabu akatoa sindano kwenye paja, akaifuta taratibu, akamwambia kwamba asubuhi hata yeye alikuwa kijana. Lori likarudi na mzigo wake wote. Kisha akamchukua yule dereva ndani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe na kumpa maji na mkate, kwa kuwa tangu alfajiri naye hakuwa ametia kitu mdomoni. Nilijifunza siku ile kwamba kukataa mzigo si kumkataa mtu. Nimelisahau somo hilo mara kadhaa, na kila mara kuku mwingine akanikumbusha.

Tulikuwa na kila aina ya waletaji. Walikuwepo wakubwa wenye machinjio kwenye eneo la viwanda, Zone Industrielle, na malori yao na karatasi zao zenye mihuri. Walikuwepo wadogo wa pembezoni mwa mji. Bwana mmoja wa Kajaga alituletea kuku wa shemeji yake ndani ya sanduku moja na samaki wake, mikeke wa ziwani waliovuliwa asubuhi ile. Nilipomwambia haiwezekani, akanijibu kwa upole kwamba wote wameshakufa, hawatagombana. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikamrudisha.

Masharti yenyewe mnayoyaona yamebandikwa ukutani hayakuwepo nilipoanza. Yaliletwa na Bwana Seif, mwenye duka, yule ambaye babu zake walifungua duka la kwanza la familia hapa mjini wakati barabara bado ni vumbi. Mtoto wa jirani yake aliugua tumbo vibaya baada ya kula kuku. Haikujulikana kama kuku alitoka kwetu au kwingine. Bwana Seif alikwenda kumwona hospitalini, na aliporudi alijifungia ofisini siku nzima. Kisha akatuita. Kuanzia sasa, alisema, kila kuku atakuja akiwa amechinjwa kwa halali, ametolewa matumbo, amewekwa kwenye sanduku linaloosheka na si gunia la mchele, juu yake barafu ya maji safi, na joto la nyama yake lisilozidi nyuzi nne. Mletaji atakayerudishiwa mzigo mara tatu mfululizo, mlango wake unafungwa. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Masharti yakabaki.

Sasa nifike kwa Mama Hadija, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Mama Hadija alikuwa mjane wa Buterere, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alifuga kuku nyuma ya nyumba yake, karibu na mashamba ya mpunga, akawachinja mwenyewe kila Ijumaa alfajiri na kutuletea kwa teksi-velo, yeye kwenye baiskeli moja na sanduku kwenye nyingine. Ujana wake wote aliuza kuku mlango kwa mlango, mitaa ya Buyenzi na Asiatique, sinia kichwani. Magoti yalipochoka, mlango wetu ukawa ndio mlango wake pekee. Hakuwa na mwingine wa kubisha. Na kuku wake, wallahi, walikuwa wazuri kuliko wa yeyote. Mzee Rajabu alikuwa akiwapokea huku ametabasamu, jambo ambalo malori yenye mihuri hayakuwahi kulipata.

Masharti yalipokuja, Mama Hadija hakulalamika. Alitafuta sanduku zito la plastiki lenye kifuniko, akaanza kununua barafu kwenye kiwanda. Ijumaa ya kwanza nikamchoma kuku wake sindano, nikashangaa. Ndani ya paja alikuwa baridi vizuri, lakini ngozi ilikuwa vuguvugu mkononi mwangu, na nyama iliyo chini ya ngozi ilikuwa imepita kipimo kwa mbali. Mnajua kwamba kuku asiyepozwa vizuri huwa kinyume chake. Nje baridi, ndani joto. Sikuwahi kuona kuku aliyepoa kuanzia mfupani. Nilirudia kwa kipimajoto kingine. Nikaona vilevile kwa wote, nikarudisha mzigo, nikimwambia tu kwamba kipimo kimekataa.

Ijumaa ya pili ikawa hivyohivyo. Alinitazama nikichoma sindano, akakaza midomo, akafunika sanduku lake na kuondoka bila kuaga. Mzee Rajabu naye hakuelewa. Alisema labda barafu inawekwa ndani ya tumbo tu, au sanduku linakaa juani. Usiku sikulala vizuri. Ya tatu ingekuwa ya mwisho, na nilijua kwamba magoti yale hayawezi tena kubeba sinia.

Basi Ijumaa iliyofuata niliomba ruhusa, nikaenda Buterere mapema ili nione kwa macho yangu. Kwenye ukuta wa nyumba yake mstari wa mafuriko ulikuwa bado unaonekana, juu kidogo ya goti, lakini banda la kuku lilikuwa limeinuliwa juu ya miti, mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Alikuwa amewainua kuku kabla ya kujiinua mwenyewe. Nikakaa kwenye benchi, nikatazama. Kisu kikali, bismillah, damu ikaachwa itoke yote. Maji ya kunyonyolea yalikuwa moto bila kuchemka, ili ngozi isichanike. Matumbo yalitoka mazima bila kupasuka. Maji ya kusafishia yalichemshwa jana yake na kufunikwa. Kisha barafu, juu na chini na ndani. Sikupata hata pa kukosoa. Kabla hatujaondoka nilichoma sindano, ikasoma chini ya nne, ndani na nje. Mama Hadija akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa anayeona hakimu anasoma kesi upya.

Tukaondoka kwa baiskeli, sanduku limefungwa kwenye ile iliyotutangulia, mimi nikiwa na furaha na fumbo langu bado kichwani. Tulipokaribia mjini, pale kwa mama anayekaanga mandazi kwenye kona kabla ya duka, Mama Hadija akawaambia waendeshaji wasimame. Akasalimiana na mwenye mandazi. Akatoa kwenye mfuko wake taulo mbili nyeupe, safi, zilizokunjwa, akazitandaza kwenye waya juu ya makaa. Zilipopata moto akafungua sanduku, akatoa kuku wa kwanza, akamfunika kwa taulo na kumkumbatia kifuani kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hakujificha. Alifanya mbele yangu, tena kwa majivuno kidogo, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni jinsi ya kupika.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Ninaitengeneza," alisema. "We unafikiri mi nitapeana kuku ya baridi kwa mutu? Kuku ya baridi ni kuku ya jana."

Nikashuka kwenye baiskeli, nikakaa karibu naye, na polepole akanieleza. Zamani za kupita mlango kwa mlango, mama wa nyumba alikuwa akitoka, ananawa mkono, anaweka kiganja kwenye kifua cha kuku. Akisikia joto, anajua amechinjwa asubuhi ileile. Anasema, "Ni ya leo," na hapo biashara imekwisha, hakuna tena la kuzungumza. Akisikia baridi anafunga mlango, na habari inatangulia mtaa mzima kabla yako. Mama yake alimfundisha hivyo, na maisha yake yote Mama Hadija hakuwahi kufungiwa mlango. Masharti ya patron, yaani Bwana Seif, alikuwa ameyasikia, akayashika yote. Barafu alinunua. Sanduku alinunua. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kuku anatakiwa awe baridi hata wakati wa kukabidhiwa, na yeye hakuona sababu ya kuuliza.

"Mu njia iko baridi, vile patron anataka," alisema. "Mu mukono ya mutu iko moto, vile mama alinifundisha. Kosa yangu iko wapi?"

Nilitaka kucheka, halafu nikaacha. Wiki zote mbili nilidhani anatupuuza, kumbe alikuwa anatuheshimu mara mbili. Nikamweleza habari za vijidudu, kwamba vinaishi kwenye ngozi, kwamba baridi inavilaza na joto dogo kama la taulo ndilo linaloviamsha, kwamba duka si mlango wa nyumba, kuku atakaa humo mpaka kesho au kesho kutwa kabla ya kufika chunguni. Nikamweleza na habari za yule mtoto wa hospitalini, ambazo hakuwa amezisikia. Hapo mikono yake ikaacha kusugua taulo. Akamtazama kuku kifuani pake kwa muda.

"Mi sikutaka kugonjwesha mutoto ya mutu," alisema.

Nikamwambia ninajua. Akamwondolea kuku taulo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Lakini kwenu hakuna mutu anashika. Munachoma tu sindano, kama mugonjwa. Hata 'asante' hamusemi. Mi najuwa aje kama mumeipokea?"

Claudine, nilikuwa nimempokelea mama yule kuku kwa miaka, na alisema kweli. Sindano, saini, sanduku jingine. Ndivyo kazi ilivyokuwa, na wala si kosa la mtu. Lakini nilielewa kwamba taulo zile hazikuwa za kuku. Zilikuwa za kutafuta kile kiganja. Nikamwomba afunike sanduku. Yule kuku mmoja aliyekwisha kupata moto tukampa mama wa mandazi, akamtia chunguni palepale, na ninaamini alikuwa mtamu. Wengine wote walikuwa bado ndani ya barafu. Nikamwambia Mama Hadija twende, na akifika alete sanduku mwenyewe mpaka mezani, kama alivyokuwa akileta sinia.

Bwana Seif alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa amesikia kwamba ni mara ya tatu, akashuka mwenyewe, kwa sababu hakupenda mtu mwingine amfungie mlango mama mzee kwa niaba yake. Mzee Rajabu alikuwa pembeni, ameshika kitambaa bila kufuta chochote. Mama Hadija akaweka sanduku mezani na kurudi nyuma hatua moja. Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Nikafungua kifuniko, nikasogeza barafu, nikaweka kiganja changu chote kwenye kifua cha kuku wa kwanza na kukiacha hapo. Baridi ikanipanda mpaka kwenye vifundo vya mkono.

"Ni ya leo," nikasema.

Ndipo nikachukua sindano. Ilisoma chini ya nne, kwa wa kwanza na kwa wote waliofuata, ndani na karibu na ngozi. Nikamwonyesha Bwana Seif. Akatikisa kichwa kukubali, lakini macho yake hayakuwa kwenye kipimajoto. Aliniuliza taratibu nimejifunza wapi kuweka mkono vile. Nikamwelekeza kwa Mama Hadija. Bwana Seif akasema bibi yake alikuwa akifanya hivyo mlangoni kwake Asiatique, na kwamba alikuwa amelisahau neno lile mpaka dakika hiyo. Akamsalimu Mama Hadija kwa heshima zote, akapanda ngazi kurudi ofisini.

Nilipomaliza kunawa, Mama Hadija alikuwa bado amesimama. Mfukoni alikuwa na ile taulo ya pili, ambayo haikugusa kuku yeyote, na ilikuwa bado na moto wa makaa. Niliikagua, msinicheke, ndiyo kazi yangu. Ilikuwa safi. Akaichukua mikono yangu yote miwili, akaifunga ndani yake na kuishika.

"Sasa ni we uko baridi," alisema.

Nililia mbele ya Mzee Rajabu, ambaye alijifanya anatafuta kisu. Toka Ijumaa ile Mama Hadija hakuleta tena kuku aliyepashwa. Ila kila Ijumaa alisimama kwa mama wa mandazi na kupasha taulo moja, kwa ajili ya mikono yangu. Wengine pale kazini walidhani ni ugonjwa wa baridi yabisi, sikuwasahihisha. Mzee Rajabu alipostaafu aliniachia kipimajoto chake, kile unachokitumia sasa, na akaniomba nisiache kiganja. Hakuniambia kwa nini. Alishaona mwenyewe.

Basi hili ndilo nililosahau kukuambia siku ya aproni. Ijumaa atakuja Ashura, mtoto wa dada yake Mama Hadija, ndiye anayefuga sasa. Nawa kwanza. Weka kiganja, sema neno. Choma sindano bila huruma yoyote. Ikizidi nne mrudishe, hata akilia, na umpe maji ya kunywa. Ikiwa sawa, nawa tena, vizuri, kisha mpe mikono yako. Atakuwa na taulo.

Wiki iliyopita nilikwenda Buterere, kwa kuwa sasa nina Ijumaa zangu mwenyewe. Mama Hadija hatoki tena kitandani. Amekuwa mdogo sana, na ile sauti kubwa imebaki kidogo tu. Nilimshika mkono, nikausikia baridi. Nikaenda jikoni, nikapasha taulo juu ya makaa ya Ashura, nikarudi na kumfunga mikono yote miwili kama alivyokuwa akinifunga. Alifumba macho akacheka.

"Zaina," akaniita. "Mi nimeisha kuwa ya jana?"

Nikanawa mkono kwenye beseni, kwa mazoea. Nikakiweka kiganja juu ya kifua chake na kukiacha pale mpaka nikasikia moyo, taratibu, chini ya kanga.

"Apana, mama," nikamwambia. "Uko wa leo."